Kinga ya umeme iliyokufa bila kuniambia

Nilitaka hasira ipoe kwanza ndipo niandike. Haijapoa, basi naandika nayo.

Wiki chache zilizopita umeme ulikatika usiku tukiwa katikati ya filamu. Ulizima, ukarudi sekunde mbili tatu, ukazima, ukarudi tena kwa nguvu hadi taa za sebuleni zikang'aa kupita kiasi, kisha ukaondoka moja kwa moja. Sikuchomoa kitu. Amplifaya, TV, sabufa na kicheza diski vyote vilikuwa kwenye ekstensheni yenye kinga, ile nene yenye swichi nyekundu na kitaa cha kijani, niliyoinunua miaka kadhaa nyuma kwa ajili ya usiku kama huo. Nikaenda kulala nikiwa na amani kabisa.

Asubuhi TV iliwaka. Kicheza diski kikawaka. Amplifaya ikatoa kitaa chekundu, kikapepesa, basi. Ule mlio mdogo wa "tak" unaosikika ndani yake pale inapozifungulia spika haukuja. Nikachomoa waya, nikasubiri nusu saa, nikarudisha. Kikapepesa tena, kimya.

Ndipo nilipopiga magoti nyuma ya kabati na tochi. Swichi nyekundu ya ekstensheni ilikuwa inawaka vizuri. Kitaa cha kijani kilikuwa kimezimika. Yaani umeme ulikuwa unapita kama kawaida kwenye soketi zote, lakini kinga haikuwepo tena. Kilizimika usiku ule au mwaka jana? Siwezi kujua, kwa sababu kitu hiki hukaa nyuma ya kabati sakafuni, na hakuna mtu anayeishi nyuma ya kabati lake.

Nikapiga simu huduma kwa wateja. Kwenye boksi, ambalo bado ninalo, wameandika kwa herufi kubwa kwamba watafidia kifaa chochote kitakachoharibika kikiwa kimechomekwa humo. Kijana aliyepokea hakunipa hata pole. Swali lake la kwanza: "Kaka, waya wa antena ulipitisha kwenye ekstensheni?" Nikamwambia hapana, ulienda moja kwa moja kwenye TV. "Basi fidia haipo, imeandikwa kwenye kijitabu." Nikamuuliza kuhusu kitaa. Akasema, "Kukiangalia ni kazi ya mteja," na kabla sijajibu alikuwa ameshaniaga. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayekula huku anaongea.

Nimeirudia sentensi ile kichwani siku nyingi. Kazi ya mteja! Mimi nimekulipa wewe ili ulinde, halafu kulinda ni kazi yangu?

Hata hivyo fundi wangu, mzee mtulivu, aliifungua ile ekstensheni mezani kwake akanionyesha. Ndani kuna vidude bapa vya mviringo, kama vifungo vya koti, vinaitwa varista. Umeme ukiruka juu kupita kiasi, vyenyewe hufungua njia na kuumeza ule ziada, na kila vinapomeza vinachakaa kidogo, hata kwa miruko midogo ambayo hukuiona. Kimoja kilikuwa kimepasuka katikati, cheusi kama mkaa, na plastiki ya juu yake imeyeyuka ikaacha kovu. "Hiki kilipigana," alisema. Na kuhusu antena pia akakubaliana na yule kijana: mruko unaweza kuingia kwa waya wa antena au wa intaneti, ukafika kwenye TV, kisha ukapita kwenye waya wa HDMI, ule unaobeba picha na sauti, hadi kwenye amplifaya.

Kwa hiyo kwa siku kama mbili nililegea. Nikasema labda nimeionea. TV imepona, sabufa imepona, pengine kile kipande cheusi ndicho kilichoziokoa. Nilikuwa tayari kutoa nyota tatu.

Lakini fundi alipoifungua amplifaya alikuta fyuzi imekatika na kapasita moja, kidude kinachohifadhi umeme kwa muda, imevimba kwenye sehemu inayoingiza umeme, upande wa plagi. Tundu za HDMI zilikuwa nzima zote. Kwa maoni yake, kilichoipiga kilipitia kwenye ekstensheni ileile. Nikamuuliza kama zipo zinazokata umeme kabisa kinga ikiisha. Akasema zipo, tangu zamani. Ilinichoma hiyo. Walijua namna ya kuifanya iseme "nimekufa, usinitegemee", wakachagua iendelee kupitisha umeme na swichi nyekundu ikinidanganya kwa mwanga wake.

Amplifaya imetengenezwa na inafanya kazi, ila ilibidi irudishwe kwenye mipangilio ya kiwandani. Umbali wa kila spika, viwango vya sauti, vipimo nilivyochukua kwa maikrofoni kiti baada ya kiti nyumba ikiwa kimya, vyote vimefutika. Vingine nimepima upya. Kuna kimoja sijakipata. Mama yangu hasikii vizuri sikio la kushoto, na zamani niliipandisha spika ya katikati, ile inayobeba maneno ya waigizaji, nikaishusha sabufa kidogo kidogo kwa miezi mpaka akaacha kuniuliza "amesema nini?" Sikuandika namba zile popote.

Siku hizi umeme ukikatika nachomoa kila kitu ukutani, antena nayo, na ukirudi nasubiri utulie dakika kadhaa ndipo nianze na TV, halafu amplifaya, halafu vingine. Ekstensheni mpya nimeipachika mbele, juu ya kabati, ninapoona kitaa chake nikiwa nimekaa.

Nilikuwa nimeweka nyota mbili kwa sababu ya kile kidude kilichopasuka. Jana usiku mama ameomba nirudishe filamu nyuma mara nne. Nimeifanya moja.