Tyuningi ya mashine za boti Nairobi: lipia karabureta na propela, kataa kuskimiwa hedi

Nairobi ina mafundi wa mashine za boti lakini haina maji ya kuzijaribia. Nairobi Dam kule Lang'ata ilimezwa na magugu. Kwa hiyo fundi wa Kirinyaga Road au Industrial Area hutumbukiza mguu wa mashine ndani ya pipa la maji, akasikiliza mlio, akakabidhi. Udhaifu mkubwa wa huduma hii unaanzia kwenye pipa hilo. Tunazipima hapa kazi zinazouzwa kwa jina la "tyuningi kamili" kwa mashine za mipigo miwili, hasa Yamaha Enduro za nguvu farasi 15 na 40.

Kusafisha karabureta ndiyo kazi inayofanywa vizuri zaidi, na inastahili pesa yake. Fundi mzuri huifungua yote, huzitoa jeti (vitundu vidogo vinavyopima petroli) na kuzipuliza kwa hewa ya kompresa. Hachokonoi kwa waya, maana waya hupanua tundu, na jeti iliyopanuka humwaga petroli kupita kipimo. Sindano ya floti, inayozuia petroli karabureta ikijaa, ikiwa na mfereji kwenye ncha hubadilishwa. Skrubu ya mwendo wa chini nayo hukazwa kwanza polepole, mizunguko ikihesabiwa hadi iguse chini, namba ikaandikwa, ndipo itolewe. Asiyehesabu atarudisha kwa kubahatisha.

Lakini kabla ya kugusa jeti kuu, fundi anapaswa kuuliza mashine inaenda wapi. Wengi hawaulizi. Nairobi iko karibu mita 1,795 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Lamu kwa takriban asilimia 16. Anayetafuta mlio mkali hapa huweka jeti ya namba ndogo ili petroli ilingane na hewa hiyo chache. Mashine inanguruma vizuri gerejini, inapakiwa kwenye lori hadi Lamu, na kule hewa ni nzito ilhali jeti ni ile ile ndogo. Petroli inakuwa haba, joto la pistoni linapanda. Na kwa kuwa oili ya mipigo miwili husafiri ndani ya petroli, ulainishaji nao unapungua papo hapo. Pistoni huanza kukwaruzika upande wa ekzosti, kisha hunata kwenye silinda, mara nyingi boti ikiwa na mzigo na mafuta yamefunguliwa hadi mwisho. Abiria wako katikati ya maji. Hili si jambo la kufanyia mzaha.

Mashine ya pwani ibaki na jeti ya kiwandani. Ya Naivasha, kwenye mita 1,880 hivi, inaweza kupunguziwa. Ziwa Victoria liko mita 1,134. Huko anza na ya kiwandani, endesha kwa kasi ya juu dakika chache, zima ghafla bila kurudisha mwendo wa chini, kisha toa plagi. Rangi ya kahawia ni sawa. Nyeupe kama chokaa ni hatari, ongeza namba ya jeti. Nyeusi yenye unyevu ni petroli au oili iliyozidi.

Kipimo cha kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) nacho huleta hasara isiyo ya lazima. Mashine inayosoma psi 120 Lamu itasoma karibu 98 Nairobi, bila kuwa na ubovu wowote, kwa sababu inavuta hewa nyepesi. Mwenye mashine huambiwa ringi zimekwisha. Cha kutazama ni tofauti kati ya silinda: ikizidi asilimia 10, hapo kuna tatizo. Kipimo kifanywe mashine ikiwa na joto, plagi zote zimetolewa, mafuta yamefunguliwa hadi mwisho, na nyaya za plagi zimeunganishwa na bodi ya mashine ili CDI, kifaa cha umeme kinachowasha plagi, isiungue.

Kuskimu hedi, yaani kukwangua kifuniko cha silinda, ili kupandisha kompresheni tunakukataa kabisa. Nairobi mashine itachangamka. Kwenye usawa wa bahari petroli italipuka kabla ya wakati wake na kutoboa pistoni, na chuma kilichokwanguliwa hakirudishwi.

Propela ndiyo inayoleta faida kubwa, na ndiyo inayosahaulika. Enduro 40 imekusudiwa kufika mizunguko 4,500 hadi 5,500 kwa dakika mafuta yakiwa wazi kabisa. Isipofika 4,500 ikiwa na mzigo wake wa kila siku, propela ni nzito mno: kila inchi moja ya pichi (umbali ambao propela ingesogea kwa mzunguko mmoja) inayopunguzwa huongeza mizunguko kati ya 150 na 200. Boti ya mizigo Naivasha mara nyingi huhitaji inchi moja au mbili pungufu. Ikipita 5,500, ongeza pichi. Hakuna pipa linaloweza kuonyesha haya.

Oili iwe ya boti, yenye alama ya TC-W3, mililita 20 kwa lita, yaani 400 kwa mtungi wa lita 20. Mashine mpya au iliyobadilishwa pistoni hupewa oili mara mbili ya kipimo hicho mwanzoni. Oili ya pikipiki huacha majivu na kunatisha ringi. Kuzidisha oili "kwa usalama" hakusaidii pia, maana oili huchukua nafasi ya petroli kwenye jeti.

Kwa mashine ya Kisumu au Homa Bay, mwambie fundi aijaribu Bwawa la Masinga badala ya Naivasha. Masinga iko karibu mita 1,050, jirani kabisa na mwinuko wa Victoria, na nauli yake ni ndogo kuliko seti ya pistoni. Ukichukua mashine, dai jeti zako za zamani kwenye kifuko, na namba ya jeti iliyowekwa iandikwe kwa rangi ndani ya kifuniko.