Mizani ya sahani mbili kwa mafumbo ya hesabu: nyota 4 kati ya 5

Chukua fumbo hili: vifuko viwili vyenye gololi idadi sawa, ukiongeza gololi 3, jumla ni 11. Kila kifuko kiwe x; unapata 2x + 3 = 11. Vifuko na gololi 3 vikae kushoto, gololi 11 kulia. Toa 3 kila upande, zinabaki 2x = 8; gawa kwa 2, x = 4. Anayetoa upande mmoja tu anaona sahani ikizama papo hapo, na hapo mizani inaishinda chaki.

Kinachoharibu mambo ni uzito wa kifuko chenyewe. Weka vifuko vitupu viwili kulia, la sivyo mizani italala kushoto hata hesabu ikiwa sahihi. Ukigawa kwa 2, ondoa kitupu kimoja pia. Gololi ziwe za saizi moja, bila shaka.

Nyota moja imepotea kwa sababu x − 5 = 2 haiwekeki kabisa. Wala kifaa hakifundishi kusoma fumbo: “5 ikitolewa kutoka mara mbili ya namba” ni 2x − 5, lakini wengi hufuata mpangilio wa maneno wakaandika 5 − 2x. Kosa hilo lisahihishwe kwenye karatasi kabla ya kugusa gololi.