Nimeshusha gari ndogo milimita 30, springi ziko poa ila msikie haya kwanza

Mambo vipi wadau, karibuni tena, leo siongei sana gari yenyewe hii hapa, sogea na kamera uone, hapo kati ya tairi na fenda zamani ngumi ilikuwa inapita, sahivi vidole viwili tu basi. Milimita 30 mbele na 30 nyuma. Nimefunga springi fupi zote nne, shokapu ni zilezile za kiwandani, na nimetembea nazo miezi sita sasa.

Kwa macho imekaa, sina ubishi. Na kwenye kona hailali kama zamani, maana springi hizi ni ngumu kuliko zilizotoka, tena lazima ziwe ngumu kwa sababu ukishaishusha gari shokapu inabaki na nafasi ndogo ya kushuka, springi ikiwa laini kila shimo unagonga ile raba ya mwisho inayozuia gari isishuke zaidi, kwa! unaisikia mpaka kwenye meno.

Alafu wale wa "kaka si nikate tu mzunguko mmoja kwa grainda", jamani hapana. Springi iliyokatwa inakuwa fupi mno, ukiipiga gari jeki unaikuta inacheza pale inapokaa, sasa fikiria umeruka tuta tairi limening'inia, inaweza kuhama kabisa. Na wa kuichoma moto ilale yenyewe ndo msinikaribie, chuma kikishapoteza ugumu hakina breki, kitaendelea kulala kivyake.

Kwa mimi 30 ndo mwisho kwa shokapu za kiwandani. Ukitaka chini zaidi nunua koilova, yaani springi na shokapu zilizoungana kama kitu kimoja, ile shokapu yake imefupishwa makusudi, sio unaibana ya kawaida ifanye kazi imekunjwa muda wote mpaka sili inaanza kuvuja mafuta.

Sasa nilipokosea. Fundi wa kwanza alikaza bolti za mikono ya chini, vile vyuma vinavyoshika tairi kwa chini, gari ikiwa juu ya jeki, na mimi nimesimama pembeni namshikia tochi, najiona nasaidia. Miezi miwili mbele imeanza kulia kama kitanda cha gesti. Bushi zimechanika! Iko hivi, bushi ni mpira umeshikana na chuma, ukikaza tairi likiwa linaning'inia unaufunga mpira kwenye mkao huo, ukiishusha gari chini mpira unajisokota na unabaki umejisokota usiku na mchana, hata gari ikiwa imepaki tu. Kwa hiyo bolti zile zishike kidogo kwanza, gari ikae chini kwa uzito wake ndo unakaza ya mwisho. Kazi ya dakika kumi imenigharimu bushi mpya.

Tairi je? Kila mtu analaumu kemba, eti tairi limelala ndani ndo maana linakula. Kwa kushuka huku kemba inaongezeka kidogo tu, mwizi mkubwa ni mwelekeo, yaani zile tairi mbili za mbele zinaangalia wapi, zikipishana hata kidogo zinajikwangua barabarani kila mita unayokwenda na upande wa ndani unaisha wakati nje kashata za tairi bado zipo. Ukishusha mbele huo mwelekeo lazima ubadilike. Nilifanya alaimenti, yaani kupima na kurekebisha mwelekeo wa tairi, siku ileile, nikarudia baada ya kilomita 500 springi zikiwa zimeshakaa na kweli ilikuwa imehama, kwa hiyo rudia usione uvivu. Nyuma gari nyingi ndogo zina ekseli ya kipande kimoja, haisumbui sana.

Kabla hujaondoka gereji jaza watu wanne, kata usukani mpaka mwisho kushoto na kulia usikilize kama tairi linagusa plastiki za ndani. Na taa zipimwe upya, hilo dogo.

Kisichonifurahisha ni mzigo. Nyuma wakikaa watatu wenye miili yao na buti limejaa, raba zinagongwa mara kwa mara, kama hayo ndo maisha yako ya kila siku hizi springi ziache. Ukiendesha peke yako au wawili, chukua.

Haya funga mkanda, napita lile tuta pale mbele kwa spidi ya kawaida, sizungumzi, nyie sikilizeni bushi mpya.