Mafuta ya midomo ya "mimea tupu" na kibanda cha asali Tabora mjini

Nina mwaka na nusu sili nyama, maziwa wala mayai, nyumbani wameshazoea, bibi tu ndo bado ananiuliza nani kaniroga. Sasa nkanunua mafuta ya midomo, mbele wameandika mimea tupu na majani kibao, nimepaka wiki tatu nafurahia, siku moja nageuza kopo nasoma vile viherufi vya kuhitaji miwani: nta ya nyuki. Jamani nta ni mmea tangu lini? Nyuki anaitoa tumboni mwake mwenyewe! Kampuni siitaji jina, ila naipa nyota moja, na hiyo ni ya harufu.

Bas nkaenda kwa mama mmoja anauza asali karibu na soko kuu, kibanda chenyewe kidogo, ndoo zimepangwa, asali ya miombo imeiva rangi kama chai ya mkandaa. Nkamwamkia kwa kilugha, mwangaluka mayo, nkamweleza shida yangu, akacheka mpaka akakaa. "Mwanangu, joto la hapa bila nta hayo mafuta yatamwagika."

Nkamuuliza na asali je, maana kuna wanaosema ni maua tu. Hakupindisha. Kwenye mizinga ya magome mrinaji anaenda na moto, nyuki wengine wanaungua, na asiyejua anakata hadi masega yenye majana, yaani watoto wa nyuki. Yeye ananunua kwa watu wa Sikonge wenye mizinga ya kisasa, wanawaachia nyuki akiba yao, "lakini kufa, wawili watatu wanakufa tu." Ila akaniuliza, unaona misitu inavyoisha kwa mkaa na kukaushia tumbaku? Mwenye mizinga hakubali mti wake uguswe. Hapo nlikosa jibu, nakiri.

Kwa sheria zetu sisi tusiokula chochote cha mnyama asali haimo, wale Vegan Society, chama cha watu kama sisi huko Uingereza kilichoanza 1944, hawaikubali, na mimi bado sili, kile ni chakula cha nyuki mwenyewe. Ila huyu mama kaniambia ukweli kuliko kopo la dukani. Nyota nne, ya tano namnyima sababu hana chenji, nlisimama nusu saa nasubiri katoto kakachenji elfu kumi.

Nliondoka na kichupa cha mafuta ya nazi. Yameshamwagika kwenye mkoba mara mbili.