Kukodi Gari Ulaya au Kuchukua la Namba Nyekundu? Tupige Hesabu

Haya, karibuni tena. Leo hakuna mbwembwe. Mezani nina mikataba miwili, na mmoja wapo unanipandisha hasira. Huu wa kushoto ni wa kukodi gari, ule wa kaunta ya uwanja wa ndege. Huu wa kulia ni lizi ya muda mfupi, ndiyo yenye magari ya namba nyekundu, Wafaransa wanaiita achat-rachat: unanunua, kisha kiwanda chenyewe kinalinunua tena. Gari linatoka jipya, linaandikishwa kwa jina lako bila kodi ya serikali, unalipia muda utakaolitumia tu. Linalojulikana zaidi ni Renault Eurodrive. Kuanzia siku 21 mpaka karibu miezi 6, kilomita hazihesabiwi. Aina za magari mtaziona wenyewe kwenye tovuti, Clio ni Clio, siwapotezei bando.

Ila kabla ya kushangilia: hii ni kwa anayeishi nje ya Umoja wa Ulaya. Wa Dar, Nairobi, Muscat, Dubai, mko ndani. Wewe wa Hamburg mwenye kibali cha kuishi, hii si yako, nisamehe. Tena, shemeji yako anayeishi Brussels asishike usukani hata kwa kuliegesha. Gari halijalipiwa kodi, na forodha wakimkuta mkazi wa Ulaya analiendesha wanaweza kulishika.

Sasa tuje kwenye kilichonikera. Sogeza kamera hapa. Hapa, chini ya bei. Mnaona neno "franchise"? Kwenye mkataba wa Kiitaliano litakuwa "franchigia", wa Kihispania "franquicia", wa Kijerumani "Selbstbeteiligung". Yote ni kitu kimoja: sehemu ya hasara unayoibeba wewe, hata kama umeambiwa gari "lina bima". Na lina bima kweli! Imeandikwa CDW, yaani kinga ya gari likigongwa, umelipia, umefurahi. Lakini franchise ikiwa euro 1,200, mtu akikukwaruzia mlango Lyon na kukimbia, matengenezo yakawa 900, bima haitoi hata senti. 900 zote zako. Yakiwa 3,000, unatoa 1,200, wao wanamalizia.

Twende mstari wa chini yake, huu wenye herufi za sisimizi. Vinavyotolewa nje ya bima: matairi, rimu, vioo, sehemu ya chini ya gari, paa, ufunguo, na kuweka mafuta yasiyo yake. Hebu fikiria, gari la mgeni anayeegesha kwenye vichochoro vya Ulaya linagongwa wapi? Rimu, kwenye ukingo wa barabara. Kioo cha pembeni, kwenye uchochoro. Kioo cha mbele, kokoto ya lori. Yaani wamekuuzia mwavuli wenye tundu katikati.

Halafu inakuja dhamana. Franchise hiyo hiyo wanaizuia kwenye kadi yako, na kaunta nyingi zinataka kadi ya mkopo yenye jina la dereva mkuu. Kadi yetu ya kawaida ya kutolea pesa kwenye ATM mara nyingi inakataliwa, au inakubaliwa kwa sharti ununue bima yao kubwa papo hapo. Kadi ya mume, dereva mke? Hapana. Hapo umeshalipa mtandaoni, watoto wamelala juu ya masanduku, saa tano usiku. Ndiyo maana watu wanasaini chochote.

Huu wa kulia sasa. Franchise: sifuri. Vioo ndani, matairi ndani, wizi ndani, msaada wa barabarani saa 24. Hakuna pesa inayozuiliwa kwenye kadi. Hapa ndipo moyo wangu ulipo, siwafichi.

Bei. Hizi ni namba za mfano, weka za tarehe zako. Kukodi euro 40 kwa siku, bima ya kufuta franchise 22, dereva wa pili 8. Jumla 70. Lizi, tuseme 1,250 kwa siku 21 za mwanzo, na kila siku ya ziada 18. Gawanya: 1,250 kwa 70 ni kama 17.9. Maana yake safari ya siku 18 tayari lizi imeshinda, hata ukilirudisha kabla ya 21 na siku zilizobaki zikapotea. Siku 60 zinakuja 1,952, kama 32 na nusu kwa siku. Kwa safari ya siku 10 usijisumbue, kodi tu, 700.

Lakini ngoja, nijipinge mwenyewe kabla hamjaanza kwenye maoni. Ukikodi bila bima ya ziada na dereva mmoja, siku 21 ni 840. Lizi imepigwa bao! Kwa hiyo mshindi anaamuliwa na ile franchise: unaweza kuibeba au huwezi? Mwenye euro 1,200 zilizokaa tu, anayeendesha barabara kuu na kulala hoteli zenye maegesho, akodi kwa amani. Wenzangu wa chaneli nyingine wanasema nunua bima ya nje ya kufidia franchise, ni nafuu. Ni nafuu kweli. Ila dhamana bado inazuiliwa, hasara unalipa kwanza ndipo udai, na nyingi zinauzwa kwa wakazi wa Ulaya, Uingereza au Marekani. Soma mstari wa nchi unayoishi kabla ya kulipa. Na usije ukasema "nina bima ya viza". Ile ya euro 30,000 ya Schengen ni ya matibabu, gari haiijui.

Kasoro za lizi zipo. Huwezi kuamka Jumatatu ukachukua Jumanne: gari linaandikishwa kwa jina lako, kwa hiyo weka oda wiki 3 au 4 kabla, jina kama lilivyo kwenye pasipoti. Bei nafuu ni ya kuchukulia na kurudishia Ufaransa, ukitaka likusubiri Roma au Lisbon unaongezewa mamia ya euro. Wazee wa oto, wahini mapema, gia za mkono ndizo zinazobaki mwishoni, na huku usukani uko kushoto, kwa hiyo gia utazisaka kwa mkono wa kulia. Na jamani, lizi ya siku 175 haibadilishi viza: Schengen ni siku 90 ndani ya 180, basi.

Jambo moja dogo linaloharibu siku ya kwanza. Gari la lizi linakabidhiwa na lita chache tu za mafuta, taa inaweza kuwa imeshawaka. Linalokodiwa kwa kawaida linakuja limejaa na unalirudisha limejaa. Kwa hiyo ukitoka, kituo cha kwanza ni cha mafuta. Pampu ya Ufaransa imeandikwa "Gazole". Hiyo ni DIZELI, si petroli! Petroli ni SP95-E10 au SP98. Ukichanganyikiwa angalia alama: petroli iko kwenye duara, E5 au E10, dizeli kwenye mraba, B7. Alama hiyo hiyo ipo ndani ya kifuniko cha tangi. Linganisha ndipo ushike bomba. Ukikosea, usiwashe gari, hata kulisogeza. Pampu ya ndani ya gari ikishayavuta mafuta hayo, gharama ni nyingine kabisa.

Na namba nyekundu. Magari ya lizi yana kibao chekundu, mwisho wa muda umeandikwa pembeni. Polisi wanakielewa, wezi pia: kinasema humu kuna mgeni na masanduku. Ukisimama kula, buti itoke tupu, na lile pazia la ndani linalofunika mizigo liache wazi waone hakuna kitu.

Wiki ijayo ni stika za barabara kuu za Uswisi na Austria, na zile kamera za ZTL za Italia, maeneo ya mjini yasiyoruhusu magari bila kibali, maana faini zake zinakufuata mpaka nyumbani. Andikeni tarehe na nchi zenu hapo chini, nitachukua safari tatu nizipigie hesabu hadharani. Anayeuliza kuhusu Albania, leta jina la mkataba wako kwanza, orodha ya nchi zinazoruhusiwa iko kwenye ile kadi ya kijani, cheti cha bima cha kuvukia mipaka.