Rupia mbili za Mjerumani: nilizipeleka kupimwa, haya ndiyo majibu

Marehemu bibi yetu wa Tanga alituachia rupia mbili za fedha za mwaka 1890, zile zenye Kaisari Wilhelm II kavaa kofia ya chuma yenye tai, na upande wa pili simba na mtende. Moja ililala miaka yote ndani ya kibweta, imepiga weusi na ina kovu ukingoni. Nyingine shangazi alikuwa akiisugua kwa majivu na ndimu kila arusi ikikaribia, ikawa inameremeta.

Mwaka jana nilizipeleka zote mbili, kupitia wakala, kwa kampuni ya kupima uhalisi na hali ya sarafu huko Marekani. Matumaini yangu yote yalikuwa kwenye ile inayometa.

Zilirudi baada ya miezi, kila moja ndani ya kisanduku cha plastiki kilichozibwa. Ile nyeusi imepata XF 45, yaani imechakaa kidogo tu, kwa kipimo cha Sheldon cha hali ya sarafu, cha 1 hadi 70. Ile ya shangazi haikupewa namba. Lebo inasema imesafishwa.

Iliniuma. Nikaazima lenzi ya sonara, ile ya mara 10, nikaanza kuiinamisha sarafu huku na huku chini ya taa. Shavu zima la Kaisari limejaa vijistari vyembamba kuliko unywele, vinawaka kwa pamoja na kuzimika kwa pamoja. Nikachukua ile nyeusi: mwanga unateleza taratibu, na katikati ya herufi bado umejificha mng'ao wa siku ilipopigwa chapa. Majivu yalikuwa yamekwangua ngozi ya fedha yenyewe, na ngozi hiyo hairudi.

Lile kovu la ukingoni nililoliogopa halikuizuia kupata namba yake. Kwa sarafu iliyotumika, wapimaji hutazama kwanza imechakaa kiasi gani. Mikwaruzo huhesabiwa kwa ukali zaidi kuanzia 60 kwenda juu, kwenye sarafu ambazo hazijawahi kutumika, na hapo mahali pake ni muhimu sana: mkwaruzo ukikaa shavuni unaonekana mara moja, lakini ukijificha kwenye manyoya ya tai unaweza kusamehewa.

Muuzaji wa kwanza niliyemwonyesha alitaja bei ya ile iliyosuguliwa, haikufika hata nusu ya bei ya mwenzake.

Huduma yenyewe naikubali. Namba ya cheti unaihakiki mtandaoni, na mnunuzi habishani nawe tena. Kinachonikera ni kwamba hawakuelezi ni alama ipi imekushusha, na ukijumlisha ada, posta na bima, sarafu ya kawaida haistahili safari hiyo. Ningekuwa na lenzi mapema, ningepeleka moja tu.

Shangazi nimemweleza, akanyamaza kidogo, kisha akanitolea pesa ya shaba ya 1891 aliyokuwa amefunga kwenye pindo la kanga. Ina ukungu wa kijani pembeni. Tumeiweka kwenye karatasi kavu, na ndimu hatuisogezi karibu.