Kostiki iliyokufa na kijana asiyejibu salamu

Sina ugomvi na bei ya duka hili la vitu vya kupikia sabuni. Bei ni nzuri, na katika maduka yote niliyozunguka hapa Mwanza ndilo pekee lililokubali kunipimia nusu kilo ya kostiki soda, ile dawa kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, bila kunilazimisha kubeba mfuko mzima kana kwamba nafungua kiwanda. Jina silitaji. Wanaopika sabuni mjini wanalijua, wasiopika haliwahusu.

Mimi natengeneza injini za mitumbwi, Kirumba. Sabuni napika Jumapili, kwa kupenda tu. Nilianza kwa sababu ya grisi ya mikononi, nikanogewa. Wenzangu wanaenda kwenye bao, mimi nakoroga mafuta. Sasa siku hiyo, miezi michache imepita, niliingia dukani nikasalimia: "Mwangaluka." Kimya. Kijana yuko na simu yake. Nikadhani labda si Msukuma, nikarudia kwa Kiswahili: "Habari za asubuhi." Akanyanyua kidevu. Kidevu tu! Mtoto wa rika la kitinda mimba wangu.

Nikaweka kopo langu la mfuniko juu ya meza. Huwa naenda na kopo maana kostiki inanyonya unyevu, na huku ziwani hewa yenyewe nusu ni maji. Akalitazama kopo, akanitazama mimi, akasema kwa sauti ya kufika barabarani: "Mzee, kwani mama hayupo mpaka unapika sabuni wewe?" Wateja wawili wakacheka. Mke wangu yupo, mzima wa afya, na sabuni wala haimhusu. Sikujibu. Hilo la kutojibu ndilo linaloniuma mpaka leo, kuliko hata mafuta yaliyoniharibikia.

Akafungua gunia lililokuwa limekunjwa mdomo tu, halijafungwa hata kwa kamba, akachota. Mabonge. Mengine makubwa kama vitonge vya ugali, yana ukoko mweupe juu. Nikamuuliza, "Mwanangu, hii haijakaa sana?" Akasema kostiki haiozi.

Ni kweli haiozi, ila inakufa. Ikiachwa wazi inavuta maji na hewa, sehemu yake inageuka kitu kama magadi, nguvu inapungua. Na mzani hauoni hilo: utapima gramu zilezile, lakini unachoweka si kilekile.

Nyumbani nikapima kama kawaida yangu: mawese gramu 700, mafuta ya nazi 300, kostiki 147. Nikaimimina kostiki kwenye maji, maana maji juu ya kostiki hayamiminwi hata siku moja, labda kama umechoka na macho yako. Na si kwenye sufuria ya alumini, kostiki itachemka yenyewe na kuila sufuria. Natumia jagi gumu la plastiki. Siku zote jagi lile huwaka, huwezi kulishika bila kitambaa. Siku hiyo nikalishika kwa mkono mtupu. Lilikuwa vuguvugu, kama chai iliyosahaulika.

Hapo nilitakiwa kuacha. Nakiri. Lakini mafuta yalishapimwa, na kichwani bado nasikia kile kicheko, nikasema nitawaonyesha. Nikakoroga. Kawaida nusu saa inanitosha: mchanganyiko unakuwa kama uji mzito, ukiinua mwiko na kudondosha, mchirizi unabaki juu hauzami. Nilikoroga zaidi ya saa mbili, bega likafa ganzi, mchirizi unazama tu. Asubuhi nikakuta mafuta yameelea juu na chini kitu kilainilaini, hujui ni sabuni au siagi.

Nikakifunga kwenye ndoo, nikapanda daladala hadi dukani nikiwa na ushahidi wangu. Kijana alichungulia akasema, "Mzee, hujui kupika." Jamani. Mimi ninayefungua injini nikiwa nimefumba macho. Sauti ikanipanda, nadhani hata wauza samaki wa jirani walinisikia. Ndipo akatoka mama mwenye duka.

Na hapa lazima niwe mkweli ingawa sitaki. Yule mama alinisalimia kwanza, akanipa kiti, akaangalia ndoo, kisha akaenda mwenyewe kushika yale mabonge kwa glavu. Hakubishana. Akafungua mfuko mpya, punje kavu zinazoteleza kama sukari, akanijazia kopo bure. "Pole baba, gunia hili lingetupwa." Lakini kijana hakusema pole. Na ile "lingetupwa" nayo imenikaa kooni: kama lilikuwa la kutupwa, lilikuwa likiuzwa kwa nani?

Kostiki ile mpya ililiwasha jagi sawasawa. Dakika ishirini na tano, uji mzito. Nikaongeza mchaichai. Hata ile iliyoharibika niliirudisha motoni na kostiki kidogo kidogo, ikashikana. Mbaya kwa sura lakini inatoa oili chafu kwenye kucha vizuri sana.

Kwa hiyo niwape ngapi? Nilikuwa nimeshaandika nyota nne kwa heshima ya mama. Nikikumbuka "mama hayupo", mbili. Nendeni, bidhaa zao ni nzuri. Au msiende, mpaka mhakikishe kijana hayupo. Kama mtakwenda, ombeni mfuko ufunguliwe mbele yenu.

Zilipotimia wiki nne nilimpelekea mama vipande viwili vilivyokauka, rangi ya chungwa. Kijana akakinyakua kimoja, akanusa, akanusa tena. "Mzee, hapa umeweka mchaichai?"

Nikamnyanyulia kidevu.